Makinda wa Safu ya Mbali

Jamaa, majirani, na ninyi walimu mliotoka kazini kwake: kijana wetu huyu, nasema kijana ingawa alikuwa na mvi, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, kabla jua halijatoka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho. Wawili wa katikati walitangulia wakiwa wachanga, kwa hiyo walibaki yeye wa mwisho na dada yake wa kwanza, na kati yao pengo la miaka kumi na tatu. Alizaliwa mkubwa. Mkunga alimtundika kwenye mizani ya ndoano akiwa ndani ya kanga, akasema, "Loo, huyu mzigo! Huyu atakuja kubeba magunia." Kilo nne na robo. Naomba mzishike hizo kilo nne na robo, maana nitazirudia.

Baba yake, fundi mitambo wa hapo kiwandani, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama alimfuata mwezi wa Juni mwaka 1969. Tangu hapo marehemu alilelewa na dada yake, ambaye alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwenye miaka kumi na tisa, cherehani moja ya kanyagio, na mdomo.

Dada hakumpiga sana. Alimpigia kelele. Sauti yake ilikuwa inaingia nyumbani kabla ya miguu, na mtoto akisikia tu komeo la mlango alikuwa anaacha kijiko hewani, macho kodo, anangoja ajue leo kosa ni lipi. Kiatu kiko wapi? Nani kamwaga maji? Unalia nini wewe, nani kafa? Na mama yake ndiye aliyekuwa amekufa. Dada huyo huyo ndiye aliyempa jina la Nusu, akimaanisha nusu ya mtu. Mtaa ukalipokea, likamganda, na wengi wenu hapa mmemjua kwa jina hilo mkidhani ni la kumpendeza. Halikuwa la kumpendeza. Lilianza kwa matusi.

Kila mwanzo wa mwaka dada alimshonea kaptula ya shule yenye pindo la inchi tatu, kama anavyofanya fundi yeyote mwenye akili, ili mtoto akirefuka pindo literemshwe. Pindo la mwaka 1970 halikuteremshwa. La mwaka 1971 halikuteremshwa. La 1972, kaptula ilichakaa makalioni mpaka ikatoboka, na pindo ndani bado lina rangi ya dukani. Dada akasema ni minyoo, akamnywesha dawa. Akasema ni ubishi. "Wenzako wanarefuka, wewe unangoja barua?" Mtoto akasema, "Nitajitahidi, dada." Alikuwa na miaka tisa. Nitajitahidi.

Elimu yake ya msingi aliianza shule iliyokuwa kando ya reli, na mwaka 1974 alichaguliwa kwenda shule ya bweni, mbali, mwendo wa siku nzima. Aliporudi likizo ya Desemba kaptula zilikuwa zimepanda juu ya magoti kama za mcheza mpira. Kwa asubuhi moja dada alifumua mapindo yote, na majirani wakaja kuona. "Kumbe alikuwa na mwili huyu!" Dada akawajibu kwamba ni maji ya kule, yana chumvi nzuri. Hata hivyo hakuufikia ule urefu ambao kilo nne na robo zilikuwa zimeuahidi. Aliishia futi tano na inchi moja, na viatu.

Sekondari alimaliza mwaka 1981, chuo kikuu mwaka 1986, elimu ya viumbe. Alikuwa mtu wa kupima. Aliwahi kuipima familia nzima ya jirani pamoja na mbuzi wao, kwa mizani aliyoazima kwa muuza mkaa, akawapa kila mmoja karatasi yake, na mama wa nyumba ile hakusema naye mwezi mzima kwa sababu karatasi yake ilionwa na mumewe. Mwaka 1990 alipokelewa kusoma shahada ya juu chini ya Mwalimu wake, ambaye leo ameketi benchi la pili na fimbo yake, na namshukuru kwa kuja.

Sasa niwaeleze alichokuwa anakisoma, kwa sababu bila hicho hamtanielewa. Alisoma namna woga unavyozuia makinda wa ndege wa porini wasikue. Siku aliponiambia nilicheka. Nilimwuliza, "Nusu, unapewa shahada kwa kutisha ndege?"

"Siwatishi, dada. Wakishatishika ndipo napima."

"Unapima nini?"

"Kuna kitu mwili unakimwaga kwenye damu ukiogopa. Homoni. Ukiogopa mara moja kinakufaa, unakimbia unaokoka. Ukiogopa kila siku, mwili unaacha kujenga, unakwenda kukaa mlangoni na rungu. Mwili hauwezi kuwa fundi na mlinzi kwa wakati mmoja."

Nikamwuliza, "Na kinda akija kutulia, anarudi kukua?"

Akasema, "Mifupa mingine inasubiri. Mingine haisubiri." Na hakunitazama aliposema hivyo. Aliinama anafuta mizani. Ninyi mnaonijua mnajua kwamba mtu akinisema usoni namjibu, nyumba ikatikisika. Lakini yeye hakunisema. Alikuwa anaeleza habari za ndege.

Mnaona nimeanza kusema "nilimwuliza." Nimechoka kusema dada yake, dada yake. Ni mimi. Sijui nilikuwa namficha nani, wakati wote mnaniona nimekaa hapa mbele.

Ndege wenyewe walikuwa kwezi, wale weusi wanaong'aa juani kama mafuta ya gari. Wanapenda matundu, kwa hiyo marehemu aliwatengenezea visanduku vya mbao vyenye tundu moja, akavitundika ishirini na vinne katika uwanja wa chuo. Safu ya karibu, visanduku kumi, ilikuwa pembeni ya maabara. Safu ya mbali, visanduku kumi na vinne, ilikuwa kule nyuma ya matangi ya maji. Mwaka 1991 ndege wakataga, wakaangua. Nusu ya visanduku vilipakwa doa jekundu na nusu doa jeupe, katika safu zote mbili. Kila kinda, tangu siku ya tano mpaka siku ya kumi na tano, alipewa funza mmoja asubuhi na mmoja alasiri. Funza wa doa jekundu alidungwa tone la mafuta yenye homoni ile ya woga. Funza wa doa jeupe alidungwa mafuta matupu. Basi, ilikuwa kutazama tu nani anakua na nani hakui.

Alihitaji msaidizi, na mimi mwaka ule duka la sare lilikuwa limefungwa, nikawa sina kazi ila kugombana. Akanichukua. Funza niliwafuga mwenyewe kwenye mabeseni ya pumba chini ya meza yangu ya kukatia nguo, wakanawiri. Na siku za kupima nilishika saa. Alikuwa akichukua damu kidogo kwenye bawa la kinda, na ilibidi damu itoke kabla dakika tatu hazijapita tangu mkono uguse kisanduku, maana dakika tatu zikipita, woga wa mkono wako unaingia kwenye damu ile na unaharibu kipimo. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya ngazi na kuita, "Moja! Mbili! Tatu, toa mkono!" Akasema, "Dada, hatimaye sauti yako imepata ajira." Tulicheka siku ile. Ndiyo siku ninayoikumbuka kwa uzuri kuliko zote.

Kulisha tuligawana. Yeye safu ya karibu, mimi safu ya mbali, kwa sababu miguu yangu ilikuwa na nguvu na yeye alikuwa na darasa la kufundisha.

Kisanduku cha kumi na tisa kilikuwa na doa jekundu. Makinda wanne. Watatu walikuwa wanapiga kelele kama kinda afanyavyo akiona chakula, midomo wazi, ya manjano ndani. Wa nne alikuwa pembeni, mdogo, shingo kama kidole, manyoya bado kwenye ala zake. Kila nilipofungua kifuniko, yeye hakufungua mdomo kwanza. Aliganda. Alikodoa macho kwenye kile kifuniko, ananingoja ajue kosa ni lipi. Nilisimama juu ya ngazi na ndoo mkononi. Yule kinda nilimjua. Nilikuwa nimemlea.

Alasiri ile nilikuja na funza mfuko mzima wa aproni, funza safi, wasiodungwa kitu. Baada ya kumpa yule funza wake wa homoni, nikampa na watano wangu. Na ndugu zake nikawapa. Kesho yake nikavizungukia visanduku vyote vya doa jekundu vya safu yangu, vyote saba. Asubuhi na alasiri. Siku zote walizobakiwa nazo. Wa doa jeupe sikuwapa, nikasema hao wana bahati yao. Na niliwalisha bila kusema neno, jamani, mimi. Nilikuwa nawanong'oneza. Sikujua kama koo langu linaweza.

Wakanenepa. Mdogo wa kumi na tisa aliruka siku ya ishirini na mbili, nikamwona kwa macho yangu akikaa juu ya tangi, nikalia.

Mwanangu, ambaye ndiye anayechapa haya kwa kuwa mimi naandika kwa penseli herufi kubwa kubwa, amenisimamisha hapa. "Mama, haya si ya msibani."

"Ni ya wapi?"

"Tuyazungumze nyumbani, tukishamzika mjomba."

"Nyumbani yamekaa miaka thelathini na miwili. Chapa."

"Watu watasemaje?"

"Watasema nilichowaambia. Chapa, au nikasome penseli yangu pale mbele, herufi moja moja, mpaka jua lizame na jeneza lingoje." Amechapa.

Marehemu alijumlisha hesabu zake. Alijumlisha visanduku vyote pamoja, safu zote mbili, kwa kuwa alimwamini msaidizi wake. Na hesabu ikasema kwamba kinda aliyejaa homoni ya woga anakua sawa na mwenzake. Hakuipenda, maana hakutarajia hivyo, lakini alikuwa mtu wa mizani, na mizani ikisema imesema. Mwezi wa Mei mwaka 1992 alisimama ukumbini akaitamka hesabu ile mbele ya watu. Majira yaliyofuata Mwalimu akarudia kazi ile ile, visanduku vile vile, kwa wasaidizi wengine. Makinda wa doa jekundu wakatoka wembamba, mabawa mafupi. Wote. Wakamwita marehemu mbele ya kamati, Jumanne tarehe 9 Februari 1993, wakamwambia ametunga namba.

Alirudi nyumbani mchana. Nilikuwa nakata kola. Akakaa kwenye lile benchi la wateja, miguu haifiki chini vizuri.

"Wamesema nimetunga, dada. Makinda wa Mwalimu wa doa jekundu wametoka wembamba."

"Nani kasema?"

"Wote watatu. Wameniuliza nani mwingine alikuwa anagusa ndege. Nimesema mimi peke yangu."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Ndivyo nilivyosema."

Msinitafutie udhuru kwamba sikusoma. Kutosoma si kutojua kuhesabu. Nilijua funza wangu walikwenda wapi tangu aliposema neno "wembamba." Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na neno lilikuwa hapa kooni, fupi tu: ni mimi. Nani alitaka zaidi ya hapo? Lakini ningesema ni mimi, angeuliza kwa nini. Na ningemjibu nini? Kwamba nimemwona kinda nikamkumbuka yeye? Ningefika hapo ningekuwa nimekiri yote, kaptula, komeo la mlango, nani kafa. Basi nikafanya ninachokijua. Nikapaza sauti. Nilimwambia, "Wewe ulizubaa tangu mtoto! Kazi ya kuhesabu ndege imekushinda, utaweza nini?" Na yeye, mtu wa miaka ishirini na tisa, msomi, akaganda. Macho kodo. Kama yule wa kumi na tisa.

Shahada hakupata. Kuanzia mwaka 1994 mpaka alipostaafu mwaka 2021 alikuwa mtunza stoo ya vifaa katika chuo kile kile, chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, akiwapa wanafunzi mizani, rula na ngazi za kupandia, nao wakaenda wakapata shahada zao. Hakuwa na kinyongo, waulizeni. Hakuna mwanafunzi aliyetoka na mizani bila kwanza kupima leso yake mwenyewe. "Kipime kitu unachokijua," alikuwa anawaambia, "ndipo ukapime usichokijua." Mmoja wa wanafunzi hao siku hizi ni mkuu wa idara nzima, na jana alipokuja kunipa pole alitoa leso akaniambia, "Mama, hii ni gramu kumi na nane." Nilishindwa kumtazama. Alinishika mkono akidhani ni majonzi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1997 na fundi miwani, binti mtulivu anayezungumza kama anayehesabu lenzi. Wifi yangu, nisamehe, nilisema wakati ule kwamba mmefanana kama chumvi na sukari, hamna hata mmoja atakayeweza kumfukuza kuku. Mwaka 1999 walipata mtoto wa kike. Marehemu hakupaza sauti katika nyumba ile hata mara moja. Mtoto akivunja glasi, alikuwa anasema, "Haya, lete ufagio tuone imevunjika vipande vingapi," wanakaa chini wanahesabu. Mimi nilisema, "Utamharibu huyu, atakuwa mtoto wa mayai."

Akanijibu, "Muache arefuke kwanza, dada. Adabu itamkuta njiani."

Mtoto amerefuka, mtazameni. Amempita baba yake kichwa kizima na shingo. Siku ya mahafali yake ya shule alisimama nyuma ya baba kwenye picha, na marehemu akaniambia kwa furaha, "Umeona? Pindo lote limeteremka." Alikumbuka mapindo. Mimi nilijidai nimesikia watoto wanaitwa chakula nikaondoka.

Mwisho wa mwaka 2021 figo zake zilianza kukataa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alikuwa anawauliza wauguzi ile mashine wameipima kwa kipimo gani. Mwezi wa Septemba mwaka huu wa 2023 alilazwa, chumba namba sita, kitanda cha dirishani. Nilikuwa nakaa naye asubuhi, wifi jioni. Jumatatu tarehe 9 Oktoba, nilikuwa nammenyea chungwa, akasema, "Dada, nikuulize jambo la zamani, hutakasirika?"

"Uliza. Mimi nimekasirika lini?"

Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama mipira yake. Alipopata pumzi akasema, "Ule mfuko wa aproni yako ulikuwa unachukua funza wangapi?"

"Funza gani?"

"Safu ya mbali peke yake ndiyo iliyonenepa, dada. Safu ya karibu, nilikolisha mimi, ilitoka sawasawa na ya Mwalimu. Nilitenganisha namba zile kabla ya kamati. Nimejua tangu wakati huo."

Nilikuwa na chungwa mkononi. Mjue kwamba nilipewa nafasi. Mtu alikuwa amekaa na jambo lile miaka yote, akala kwangu, akanipeleka hospitali mgongo uliponikamata, akaninunulia cherehani ya umeme, na alikuwa anajua. Na alinifungulia mlango taratibu ili nisishtuke. Ningeweza kusema.

Nikasema, "Sijui unazungumza habari gani. Kunywa maji."

Akanywa. Akasema, "Haya, dada." Kisha baadaye, amegeukia dirisha, akasema, "Yule mdogo wa kumi na tisa aliruka vizuri, lakini."

Alifariki Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wifi na binti wakiwa hapo. Mimi nilikuwa kwenye korido nabishana na mlinzi kuhusu saa za kuona wagonjwa. Ilikuwa sauti yangu, kwa hiyo, aliyoisikia mwisho, ikitoka nje ya mlango. Suti aliyovaa nimemshonea mimi, siku mbili hizi. Suruali sikuiachia pindo.

Mwalimu, sasa nasema na wewe, na kamati yako, wale wawili waliobaki hai. Huyu hakutunga namba. Namba zake ni za kweli mpaka kwenye nukta. Aliyeziharibu ni mimi, kwa mkono huu, na nilijua nilipoziharibu na nilijua alipoadhibiwa. Daftari lake la mwaka 1991 lilikuwa kabatini kwake, limefungwa kwa uzi wangu wa kushonea. Binti yake amekaa nalo mapajani hapo alipo. Likifika mkononi mwako lifungue, litenganishe, safu ya karibu peke yake, safu ya mbali peke yake. Mimi sijui hesabu hizo zinafanywaje, lakini yeye aliniambia zinaonekana. Kisha useme mbele ya watu kile utakachokiona, kwa sauti ile ile iliyosema ametunga, na pale pale iliposemwa. Sikuombi uniondolee aibu. Aibu niachieni, ni yangu, nimeifuga kama nilivyowafuga wale funza, chini ya meza. Naomba umrudishie yeye kilicho chake.

Na ninyi wengine, mliozoea kumwita Nusu, naomba jina hilo lizikwe nami siku yangu itakapofika, lisizikwe naye. Alizaliwa kilo nne na robo. Mwili ule ulikuja duniani kujenga, na mimi nikaupa zamu ya kulinda mlango.

Marehemu ameacha mke, fundi miwani. Ameacha binti mmoja mrefu. Mpwa mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, aliyechapa haya akilia. Wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu, kila mmoja na leso yake. Na visanduku ishirini na vinne, ambavyo alivipaka rangi kwa mkono wake kila mwaka mpaka mwaka wa kustaafu, na ambavyo ndege bado wanaviingia. Ameacha na dada mmoja. Huyo mwandikeni mwisho.

Apumzike kwa amani, na huko aliko, mlango ukifunguliwa, asishtuke.